Bajia Zilizolala

Benchi lenyewe ni mbao moja ndefu juu ya magogo mawili, limeegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, na mmoja akiinuka bila kuaga mwenzake wa upande wa pili anamwagikiwa na kahawa. Wenyeji wake ni wanne. Kuna Redio, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Kuna Mkataba, karani mstaafu wa shule, ambaye hata kuomba kiberiti anaanza na "kwa mujibu wa." Kuna Birika, muuza kahawa, mwenye kazi mbili: kumimina na kuchochea. Na kuna Sindano, fundi viatu, ambaye sanduku lake la kazi lina miaka kumi na moja mguuni pa benchi hilo. Asubuhi hiyo Sindano hakuwa na utulivu. Alikaa, akasimama, akakaa tena, na mapajani alikuwa amepakata hotipoti ya mkewe kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

— Fungua basi, alisema Redio. Umeficha nyoka humo?

Sindano akafungua. Kifuniko kikadondosha matone kwenye suruali yake. Ndani zilikuwamo bajia za vitunguu kama ishirini hivi, zimelaliana, zimelegea kama soksi zilizotoka kufuliwa.

— Nini hii?

— Bajia.

— Nani kakuambia?

— Nimezipika mwenyewe, Redio. Usinianze.

Redio akachukua moja, akaikunja katikati. Ikakunjika, isivunjike. Akairudisha taratibu, kwa heshima, na hapo Birika akajua kwamba leo mambo ni mazito.

Ilikuwa hivi. Mke wa Sindano alipigwa na homa wiki mbili. Homa ikaondoka, ikaondoka na hamu ya kula. Uji anaonja vijiko viwili, kisha anageukia ukutani. Mganga wa zahanati alisema dawa zile zinataka tumbo lenye kitu, na asipokula mpaka kesho arudishwe akalazwe. Sasa alfajiri ya leo, Sindano anakoroga uji ambao anajua hautanyweka, akasikia sauti nyembamba kutoka kitandani: "Ningepata bajia za vitunguu. Zile zinazovunjika." Mzee wa watu nusura aangushe sufuria. Akakaanga, akampelekea. Mama akaimega moja, akaitafuna kidogo, akaiweka ukingoni mwa sahani, akasema, "Ahsante, umejitahidi." Ahsante ile ilimuuma Sindano kuliko tusi. Akamwambia anakwenda kuuliza, anarudi sasa hivi. Akabeba hotipoti mpaka kijiweni, maana miaka yote ameamini hakuna jambo linaloishinda mbao hii, ingawa ukimtaka akutajie hata moja lililowahi kupata suluhu hapa atakuomba umpe muda.

— Shemeji kaomba chakula, alisema Birika. Hiyo ni habari njema. Kunywa kwanza.

— Sina muda wa kunywa. Niambieni nimekosea wapi, niende.

— Kwa mujibu wa utaratibu, alisema Mkataba, tuanze na unga. Uliweka unga kiasi gani?

— Kidogo. Wa kushikanisha tu.

— Na maji?

— Maji sikuweka. Nilikata vitunguu vyembamba, nikatia chumvi, nikaviacha vitoe maji yake. Ndiyo yaliyokorogea unga. Mwenyewe ndivyo anavyofanya, nimemwona kutoka mlangoni miaka thelathini.

— Hapo umekosea, alisema Mkataba. Maji yakimwagika hayazoleki. Wewe umeyamwaga ya kitunguu, sasa unataka yarudi?

— Sasa hiyo inahusiana nini na bajia?

— Imo humo humo. Tafakari.

Sindano akatafakari, hakuona kitu. Akainuka kuondoka. Redio akamvuta shati.

— Kaa, usikilize watu wanaojua. Tatizo si maji, ni kitunguu. Kuna kitunguu dume na kitunguu jike. Dume kina mkia mrefu, ukikikaanga kinakauka kwa hasira. Jike kinalegea. Ulikagua?

— Nilinunua vitunguu, Redio, sikununua mbuzi.

— Ndiyo hivyo. Mchagua jembe si mkulima, na wewe hukuchagua.

— Sasa si umesema nilipaswa kuchagua?

— Methali ni ndefu, mimi nimekupa mwanzo wake.

Birika akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza. Sindano akaipokea kwa kuwa mkono wake ulikuwa hauna la kufanya. Akaweka kikombe chini, akachukua nyundo, akagonga kisigino ambacho tayari kilikuwa kimegongwa, akairudisha. Jua lilikuwa limeshavuka paa la kinyozi.

— Karai, alisema Birika ghafla. Karai lilikaanga nini mara ya mwisho?

— Samaki, nadhani. Kabla hajaugua.

— Basi. Chuma kina kumbukumbu. Karai limezoea samaki, wewe unaliletea kitunguu. Litakupikia kwa moyo mmoja? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Nililisugua kwa mchanga.

— Ukasugua uso wake. Moyo je?

— Liacheni karai, alisema Redio, ambaye hapendi mwenziwe awe na nadharia nzuri kuliko yake. Mimi nawaambia ni vitunguu vyenyewe. Vya siku hizi vinalimwa kando ya mashine za kuvuta maji, usiku na mchana ngurumo. Kitunguu kimekua kwenye kelele, hakikulala hata siku moja. Sasa kikiingia kwenye mafuta kinapata joto zuri, kinafanya nini? Kinalala.

Wote wakatazama ndani ya hotipoti. Kusema kweli, zilikuwa zimelala.

— Kwa mujibu wa mantiki hiyo, alisema Mkataba polepole, dawa ni kuviamsha kabla ya kukaanga.

— Kuviamsha vipi?

— Kwa kuvipigia kelele. Aliyelala usimwamshe, lakini hiyo ni kwa binadamu.

Sindano akasimama tena. Safari hii alifika hatua tatu. Alikuwa ameshaanza kuwachukia, na kuwachukia rafiki zake kulimpa nafuu kidogo, kwa sababu kulikuwa afadhali kuliko lile lililokuwa likimkwaruza kifuani. Lakini hatua ya nne ilikuwa ielekee nyumbani mikono mitupu, bila jibu. Akarudi kwenye sanduku lake akajifanya anatafuta uzi.

Hapo ndipo alipofika mwanamke ambaye kijiwe hakimjui. Alikuwa na mfuko wa mboga mkono mmoja na ndala ya ngozi mkono wa pili, mguu mmoja peku, anachechemea kwenye vumbi la moto.

— Fundi, hujambo. Kamba imekatika.

— Sijambo, dada. Kaa hapo. Dakika tano.

Akakaa ukingoni. Sindano akashukuru kupata kitu cha kushona. Akatoboa ngozi, akapitisha uzi wenye nta, akavuta. Mikono ikatulia, kichwa hakikutulia. Wenziwe walikuwa wamehamia kwenye mafuta. Redio alidai mafuta yana haya, ukiyachungulia sana hayachemki vizuri. Birika alidai kinyume, kwamba mafuta ni debe tupu, hayaachi kuvuma, kwa hiyo yapuuzwe. Mkataba alitaka ipigwe kura.

— Samahani, wazee, alisema yule mwanamke. Hizo bajia zilipotoka kwenye mafuta, zilikuwa hivyo hivyo?

Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

Sindano akashusha ndala. Akajiona alfajiri ile, taa ya jikoni, anakaanga chache chache ili mafuta yasipoe. Akaikumbuka ya kwanza aliyoionja, iliyomuunguza ulimi. Ilivunjika. Ililia mdomoni hasa, na alicheka peke yake jikoni kama mwehu.

— Hapana, alisema. Zilikuwa kavu. Zilikuwa zinavunjika.

— Ukazitia wapi?

— Humu. Nikafunika zisipoe. Nilitaka kwanza nimnawishe mwenyewe uso, nimbadilishie shuka, ale akiwa msafi.

— Muda gani?

— Nusu saa. Zaidi kidogo.

— Basi umezifungia na mvuke wake, baba. Zimejichemsha humo. Ungezitandaza kwenye chujio zipate hewa, ungempa vile vile. Ulipika vizuri. Ulizifunika tu.

Sindano alihisi macho yanamwasha. Akainama kwenye kamba ya ndala ili wasimwone.

— Ndicho nilichokuwa nakuja kukisema, alisema Redio.

— Wewe ulisema vitunguu vimelala.

— Na vimelala kwa nini? Kwa sababu vimefunikwa. Hata mimi ukinifunika nalala.

— Imeingizwa kwenye kumbukumbu, alisema Mkataba. Mficha uchi hazai, na mfunika bajia hali.

Hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi, ilikaa sawa, na Mkataba mwenyewe alishangaa. Wakacheka. Birika akammiminia mgeni kikombe. Hata Sindano alicheka, akashona mishono miwili kwa mpigo, akaanza kupanga kwa sauti: vitunguu vinne vimebaki, unga upo, akifika anawasha jiko, anatandaza kwenye chujio, anampelekea nne nne, zingali zinatoa sauti.

— Atakula, alisema. Mke wangu namjua. Zikivunjika atakula.

— Inshallah atakula, alisema mwanamke, akipuliza kahawa. Na sasa hivi mgonjwa yuko na nani?

Aliuliza hivi hivi tu, kama mtu anavyouliza saa.

Sindano akamtazama Redio, kwa kuwa mke wa Redio huwa anapita kumjulia hali mgonjwa.

— Mke wangu yuko kazini, alisema Redio. Mimi nilidhani dada yake shemeji yupo.

— Dada yake kaondoka jana, alisema Sindano. Kwa basi la asubuhi.

Akajisikia akilisema. Mkataba alifungua mdomo, akatafuta kwa mujibu wa nini, akaufunga. Birika alibaki ameinua birika lake hewani bila kumimina. Yule mwanamke aliwatazama mmoja mmoja akingoja jibu, maana aliamini lipo.

Halikuwapo. Na Sindano akajua, bila kusaidiwa na yeyote, kwamba hakuja kijiweni kuulizia bajia. Bajia angezikaanga tena pale pale, unga ulikuwapo na vitunguu vilikuwapo. Alikuja kwa sababu aliogopa. Aliogopa kuketi kwenye kile kiti karibu na kitanda na kumtazama mwanamke aliyeishi naye miaka thelathini akikataa kula, siku baada ya siku, huku yeye hana la kugonga wala la kushona. Saa mbili nzima amemwacha mtu asiyeweza kusimama bila kushika ukingo wa kitanda. Na anamjua. Akichoka kungoja atajaribu kuinuka, aende jikoni mwenyewe, akamwonyeshe zinavyokaangwa.

— Mama wa watu yuko peke yake, alisema.

Aliweka ndala juu ya sanduku, kamba nusu imeshonwa, uzi unaning'inia.

— Nenda, baba, alisema mwanamke. Mimi nitangoja.

Alitembea mpaka kona, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Alipoivuka akakimbia.