Camilla Ottaviani Paniccia, Aliyelinyima Jina Lake Mrithi

Leo ni Jumatano. Jumapili mchana marehemu alikuwa mezani pamoja nasi, akimgombeza mumewe kwa kula mkate kabla ya mchuzi. Ndugu na majirani, mtusamehe wasifu huu ukiyumba. Sisi wenyewe bado hatujaamini.

Marehemu Camilla alizaliwa tarehe 17 Februari 1946, katika kibanda cha wachunga nyati wa maziwa ng'ambo ya mto Amaseno, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Ginesio Ottaviani na mama Assunta. Mto ulikuwa umefurika, na daraja lilikuwa limebomolewa vitani. Mama alitokwa na damu nyingi, na mtoto alikuwa baridi. Baba alimfunga kifuani kwa shali, akashika mkia wa nyati jike, akavuka naye hadi kwa mkunga. Mama alifuatwa kwa mtumbwi jioni, akapona.

Kila mtu wa mji wetu wa Priverno anaijua hadithi ya kale ya mfalme aliyekimbia maadui, akafika mto huuhuu umejaa, akamfunga binti yake mchanga kwenye mkuki na kumrusha ng'ambo salama. Binti huyo aliitwa Camilla. Kwa hiyo baba hakuhangaika kutafuta jina. Padre Arduino ndiye aliyehangaika.

"Ginesio, huyo ni mpagani!"

"Basi andika ni wa Mtakatifu Camillo, padre. Mimi nitajua ninachojua."

Camilla alisoma shule ya msingi Priverno hadi mwaka 1957. Mwalimu alimweleza kwamba zamani, Roma, camilla alikuwa msichana aliyehudumu wakati wa kutoa sadaka. Alirudi nyumbani akisema, "Kumbe ndiyo maana mama ananituma kutwa!" Lakini mwalimu huyohuyo alisimulia pia mwisho wa hadithi: binti akakua, akaongoza wapanda farasi vitani, akachomwa mkuki chini ya titi, akafa kijana. Siku hiyo Camilla aliingia ndani mbio.

"Baba, mbona hukuniambia kwamba nakufa?"

Baba alijikuna kichwa. "Mimi nilisimuliwa mpaka mtoni tu, mwanangu. Huko mbele sikufika."

Tangu hapo alisema jina hilo litaishia kwake. Binamu wawili waliomba kuwapa binti zao jina hilo, akawakatalia, na mmoja wao hakumsemesha miaka mingi.

Alifanya kazi na nyati wa familia maisha yake yote, kukamua alfajiri na kukanda jibini asubuhi. Kila nyati alimpa jina, na alipoliita, mwenye jina alitoka kundini peke yake. Mimi mdogo wake, Evandro, niliyaita majina yaleyale kwa sauti ileile, wakanitazama tu.

Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa na Loreto Paniccia. Wakati wa uchumba Loreto alimtania, "Camilla wa hadithi hakuolewa."

Akajibiwa, "Hakukutana na mwenye masikio kama yako. Angecheka mpaka akubali."

Walingoja mtoto miaka kumi na mmoja, wakampata Nazarena.

Katika wasifu, hapa huandikwa habari za ugonjwa. Hatuna cha kuandika. Hakuugua. Tarehe 2 Machi mwaka huu, 2014, Nazarena alijifungua mtoto wa kike, na wiki nzima mama na binti walivutana.

Jumapili hiyo mezani Nazarena alilia. "Mama, mwanangu anaitwa 'wewe' kama paka wa jirani. Jina ninalolitaka ni moja tu."

Camilla alimchukua mtoto, akamtazama sana. Hata Loreto akaacha kutafuna.

"Haya," akasema. "Nina miaka sitini na minane na hakuna aliyenichoma mkuki. Mpeni."

Tulipiga kelele, tukakumbatiana, Nazarena akamrukia shingoni. Camilla akasema, "Niacheni, niwawekee kahawa." Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaenda jikoni. Tukasikia kishindo. Loreto alimkuta sakafuni, moto unawaka, kahawa haijachemka. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Sisi bado tulikuwa tunacheka mezani.

Jumatatu, Ivano, mume wa Nazarena, alikwenda ofisi ya manispaa kuandikisha kifo cha mama na kuzaliwa kwa mtoto. Karani alisoma jina, akalisoma tena, akaona aibu kuuliza. Mwishowe akauliza, "Nianze na nani, bwana?"

Ivano alisema, "Anza na mtoto. Mama yetu alimtanguliza."

Marehemu ameacha mume, Loreto, binti, Nazarena, mkwe, Ivano, mdogo wake, Evandro, na mjukuu mmoja mwenye umri wa siku kumi, Camilla.

Mungu ampokee mkubwa kwa amani yake, na huyu mdogo atuachie azeeke.