Koki ya Jikoni

Taa iliwaka kijani, lakini trafiki alimnyoshea dereva mkono asimame, na basi likasimama.

"Huyu anashindana na taa!" alifoka mwanamume aliyekumbatia koki mpya. Mama mshonaji aliyeketi kando yake akamuuliza ana haraka ya nini.

"Mama, koki ya jikoni imechomoka. Mke wangu kaziba bomba kwa viganja vyote viwili."

"Si mfunge koki kuu ya nje?"

"Hiyo niliitengeneza mwenyewe juzi. Haifungi tena."

Mshonaji akaangua kicheko. "Na bado anakuamini?"

"Ndicho kinachoniuma. Kaniambia, 'Nenda tu mume wangu, nitashika.'"

"Basi mpigie umtulize."

"Atapokea kwa mkono gani?"

Kicheko kikamwisha mshonaji. Akainuka, akagonga ubavu wa basi. "Dereva, fungua mlango ashuke akimbie! Huyu anangojwa kwake."