Sakafu Chini ya Barabara

Benchi lenyewe ni refu, la mbao, limeegemea ukuta wa kinyozi. Mbele yake kuna meza ndogo yenye kioo ambako Fundi Saa amekuwa akitengeneza saa za watu tangu watu walipokuwa bado wanavaa saa. Siku hizi anabadilisha betri za rimoti zaidi kuliko kufungua saa, lakini meza hajaiacha. Anayekaa naye kila asubuhi ni Gia Nne, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye sauti yake haijapata habari kwamba injini imezimwa. Kinyozi husikiliza akiwa mlangoni, mkasi mkononi, mteja akisubiri. Bi Birika huuza kahawa mwisho wa benchi. Anasikia yote na kuamini machache. Asubuhi hiyo kazi ya kupanua barabara ilikuwa imesimama. Mtambo ulikuwa unachimba mtaro wa maji hatua kumi kutoka kwenye benchi, ukakwangua lami ya zamani, ukakuta sakafu ya vigae vya kila rangi, vingi vikiwa vizima. Msimamizi akakataza mtu kugusa mpaka manispaa ilete mtu wake.

Alikataza kugusa, hakukataza kushuka. Gia Nne alishuka, akapangusa kwa kiganja, akarudi na suruali nyekundu kwa vumbi.

— Hii ni stesheni.

— Stesheni ya nini? aliuliza Kinyozi.

— Ya treni, kwani kuna stesheni ya mbuzi? Kile kigae cha kijani chenye nyota nimekikanyaga miaka kumi nikisubiri mizigo. Ukumbi wa tiketi ulijaa hicho hicho.

— Stesheni ya zamani si ilikuwa kule bondeni, walipojenga yale maduka?

— Ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza ndiyo hii. Waliificha.

— Nani aliificha?

— Wenye reli. Unawajua wenye reli wewe?

Kinyozi hakuwa anawajua. Akatia mkasi mfukoni, akashuka na yeye. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na shemeji yake sokoni.

— Upande wa kushoto kuna cheusi na cheupe, kama ubao wa drafti. Hicho ni cha ukumbi wa dansi. Marehemu baba alikuwa anapiga tarumbeta mle, mimi nalazwa chini ya jukwaa, shavu juu ya kigae. Kile si cha kuhadithiwa, nimekilalia.

— Ukumbi wa dansi ulivunjwa ukawa benki.

— Basi huu ulikuwa mwingine.

— Kwa hiyo watu walikuwa wanacheza dansi stesheni?

— Treni ikichelewa utafanyaje?

Gia Nne alifikiri, akaona hapo mwenzake kasema neno. Alikuwa amesubiri treni nyingi maishani bila hata filimbi.

Mteja wa Kinyozi akatoka nje, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Alisema kama hawamnyoi angalau wamsikilize. Vile vya buluu vyenye ua katikati ni vya wodi ya wazazi ya hospitali kongwe, ile iliyobomolewa. Mkewe amejifungua mara tano pale, na mara zote tano yeye alikuwa kwenye korido anahesabu maua.

— Hakuna mtu anayeweza kunidanganya kuhusu vile vigae, alisema.

Stesheni, dansi na wazazi, na sakafu ni moja. Gia Nne ndiye aliyeona njia.

— Ni treni ya hospitali, alisema polepole. Yenye bendi. Ilikuwa inapita chini kwa chini. Mama anapandishwa huku ana uchungu, anateremshwa kule ana mtoto, na bendi inapiga.

— Inapiga ili nini?

— Ili kelele zisisikike juu. Ndiyo maana hatukuwahi kujua.

— Hapo umenikamata, alisema Kinyozi. Na tajiri wa kuendesha kitu kama hicho lazima alikuwa na mlango wake wa siri.

— Upo. Uko chini ya benki.

Bi Birika alikuwa ameacha kumimina. Hakushuka mtaroni, alisimama ukingoni tu, mikono kiunoni, akatazama.

— Hilo ni jiko la mtu, alisema. Sakafu imeinama, inapeleka maji kwenye lile tundu. Na pale pembeni pameungua duara. Pamekaa moto hapo miaka.

— Jiko la treni, alisema Kinyozi.

Wakacheka. Fundi Saa hakucheka. Alikuwa na kile kioo chake cha kukuza jichoni, na kwa robo saa nzima alikuwa anahangaika na skrubu ile ile. Kila jibu la kipuuzi lilikuwa limemstarehesha, kwa sababu lilikuwa linaenda mbali na lile alilolijua yeye. Neno jiko lilikuwa limelifikia.

Mtu wa manispaa akafika kwa miguu. Alikuwa dada mwenye kofia ngumu ya kazi na jalada kwapani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, dada. Karibu benchi.

Alieleza kifupi. Vigae vitang'olewa jioni hiyo, vitatandikwa kwenye lango la maktaba mpya, na pembeni patawekwa kibao cha kusema vilikuwa vya nani. Yeye alitakiwa kuandika maneno ya kibao. Kwenye makaratasi ya ofisi hakuna kitu. Ramani inaonyesha barabara tu. Msimamizi alikuwa amemwambia kwamba anayetaka historia ya mtaa akaiulize benchini.

Gia Nne alimpa treni ya hospitali, na Kinyozi akamwongezea bendi. Dada alisikiliza kwa adabu, akafungua kalamu, akaandika neno moja, akalitazama.

— Niandike hivi kweli?

Fundi Saa akatoa kioo jichoni. Aliona neno TRENI kwenye karatasi ya serikali, akaona watoto wa shule wakilisoma miaka hamsini ijayo.

— Usiandike, alisema. Ni jiko. Bi Birika kasema kweli.

Wote wakamgeukia.

— Mwenye nyumba alikuwa fundi wa kutandika vigae. Kila jengo kubwa la mji huu alilifanyia kazi, na likiisha anapewa vilivyobaki. Stesheni, ukumbi wa dansi, hospitali. Alikuwa anavibeba kwenye baiskeli. Kwa hiyo nyinyi wote mmeona sawa. Yeye alifariki mapema. Mimi nilimkuta mkewe. Alikuwa anaoka mikate jikoni humo, anaiuzia dirishani. Nilipofika mjini nina vifaa vyangu kwenye kopo la biskuti, alinipa ukuta wa kuegemea. Na mkate wa asubuhi, kila asubuhi, miaka miwili.

— Na wewe umekaa kimya unatuacha tuendeshe treni, alisema Gia Nne.

— Nilikuwa naifurahia treni.

— Nyumba ilikwendaje? aliuliza dada.

Fundi Saa alifuta kioo cha meza, ambacho hakikuwa kichafu.

— Barabara ilipokuja, walimpa siku kumi na nne za kuhama. Karatasi ya umiliki hakuwa nayo. Akaniomba niende naye ofisini, niseme tu kwamba naijua nyumba, na kwamba haikuota jana. Maneno mawili. Wakati huo sisi tuliokuwa tukifanya kazi ukutani kwake tulikuwa tumeshanong'onezwa kwamba anayetulia atapata kibali cha meza barabara ikiisha. Siku ile nikajifanya naumwa. Akaenda peke yake.

Aliigonga meza kwa kidole.

— Ndiyo hii.

Mteja mwenye nusu kichwa akaikusanya shuka yake shingoni. Bi Birika akajaza kikombe, akakisukuma mbele ya Fundi Saa bila kuulizwa, na dada akaandika kwa muda mrefu. Kisha akainua kalamu.

— Alikuwa anaitwa nani, mzee?

— Mama Vigae.

— Hilo mlimpa nyinyi. Jina lake mwenyewe.

Fundi Saa akafungua mdomo. Alikuwa na uhakika kwamba neno lipo pale, nyuma ya meno, kama skrubu iliyodondoka ambayo lazima iko mahali fulani mezani. Alitafuta. Alikumbuka kidole cha gumba cha yule mama, chenye kovu la kuungua, alikumbuka namna alivyosema "kula kwanza, saa haziozi". Jina halikuwepo. Alikuwa akimwita mama, asubuhi hadi jioni, na hakuwahi kuuliza.

— Basi nitaandika jina halijulikani, alisema dada, bila ubaya.

— Usiandike halijulikani. Andika halijaulizwa.

Dada alimtazama, akaliacha pengo wazi.

— Kibao kinakwenda kuchongwa Ijumaa, alisema.

Fundi Saa akafunga kisanduku cha vifaa, akaiingiza meza ndani kwa Kinyozi, saa nne asubuhi, jambo ambalo benchi halikuwahi kuliona. Waliohamishwa walipelekwa ng'ambo ya mto, alisema. Wapo mpaka leo, wao au wana wao. Anakwenda.

— Ukifika huko, aliuliza dada, utamuulizia nani?

Kinyozi alitazama mkasi. Bi Birika alitazama barabara. Hatimaye Gia Nne akajikung'uta vumbi, akasimama.

— Njia naijua mimi, sura unaijua wewe. Tutagonga milango.

Walikuwa wameshauvuka mtaro pale Gia Nne aliposikika akiuliza kama huyo mama alikuwa mrefu au mfupi. Fundi Saa alisema hakuwahi kumwona amesimama barabarani. Kila siku alikuwa anainama kutoka dirishani, mkono umenyooshwa, mkate ungali wa moto.