Sikio la Kushoto na Santuri ya Arobaini na Tano

Mheshimiwa Mkurugenzi wa redio yetu. Daktari wa masikio, uliyekubali kuacha foleni ya wagonjwa uje kukaa kwenye kiti cha plastiki. Dada yangu, mama mzazi wa mtangazaji. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi wanamuziki wa roki na metali mliojibanza pale mlangoni na majaketi yenu meusi mchana kweupe: nawasalimu nyote.

Nimesimama hapa kukabidhi vitu viwili, kiti kinachozunguka na hedifoni, kwa mwenye navyo, mpwa wangu, mliyemzoea kwa jina la Binti Radi. Nimevishika wiki sita. Wapo watakaosema nilivishika vibaya, na mmoja wao ni dada yangu, lakini zamu ya kusema leo ni yangu.

Kwa wageni wasiojua, kila Jumamosi saa nane mchana Binti Radi hukaa katika chumba hiki chenye magodoro ukutani, akachambua santuri na albamu mpya za roki na metali, za makundi ya hapa kwetu na ya ng'ambo. Ndiyo saa pekee katika juma zima ambayo kijana aliyejifungia gereji na gitaa lake husikia mtu mzima akimwambia ukweli. Naye ana kanuni moja. Kila kazi huisikiliza mara tatu kabla ya kufungua mdomo: mara ya kwanza kwa spika, ya pili kwa hedifoni, ya tatu akiosha vyombo. Anasema wimbo usioweza kushindana na kelele za sufuria urudishwe mazoezini.

Kisha sikio lake la kushoto likaanza kuziba. Daktari akasema lazima lipasuliwe, na huenda lisirudi. Mkurugenzi, kwa upole wake, akasema kiti kitamsubiri wiki sita; zikipita, saa ile itapewa kipindi cha mapishi. Nani angekaa pale wiki sita? Ndugu zangu, mlitarajia nani?

Mimi shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, hilo bado tunabishana. Lakini nimesimamia mashine ya kusaga nafaka miaka ishirini na saba. Siku moja niko kwa kinyozi, povu kidevuni, mashine iko mtaa wa tatu, nikainuka nikasema mkanda wa pili umelegea. Nikakimbia na povu langu. Mkanda ulikuwa umelegea. Kinyozi yuko humu, mwulizeni, ingawa yeye hupenda kusema ulikuwa mtaa wa pili. Mtu wa namna hiyo atashindwa na gitaa?

Kabla hajaingia chumba cha upasuaji, mpwa wangu alinishika mkono akaniambia, "Mjomba, mara tatu. Hata ukichoka, mara tatu." Nikamjibu kwamba sikio langu likisikia mara moja limesikia.

Wiki ya kwanza nilichambua kundi la ng'ambo, wanaume watano wenye ndevu za kufungia kuni, wimbo mmoja dakika arobaini. Nilisinzia dakika ya kumi na mbili, nikaamka ya thelathini na nane, nikawakuta pale pale nilipowaacha. Hewani nikasema ni kazi kubwa ya kimataifa. Nilisema hivyo kwa sababu kasha lao lilikuwa linang'aa. Leo nakiri kwamba ile ni mashine inayozunguka bila nafaka ndani.

Wiki ya tano ikaja santuri ya kwanza ya kundi la hapa hapa. Fundi cherehani yuko kwenye gitaa, muuza vipuri kwenye besi, muuguzi kwenye ngoma, na anayeimba ni mwalimu wa hisabati. Miaka mitatu wamefanya mazoezi kwenye stoo ya shule, kati ya madawati yaliyovunjika, wakisubiri siku ya kutajwa kwenye kipindi hiki. Katikati ya santuri, kwenye karatasi ya duara, pameandikwa arobaini na tano. Ule ni mwendo, idadi ya mizunguko kwa dakika. Mimi nikadhani ndizo dakika zenyewe, nikasema ahaa, hawa nao wana pumzi. Swichi ya gramafoni niliikuta kwenye thelathini na tatu, nikaiacha hapo, nikasikiliza mara moja, tena hewani.

Ikatoka sauti nzito, ya pole pole, kama watu wanne wanaopandisha kabati ghorofani. Nikapagawa. Nikawatangazia kwamba mwimbaji ni mwanamume wa kilo mia na ishirini aliyelelewa ndani ya kisima, na sijapata kusikia baba mzima akiimba kwa uchungu kiasi hicho. Kumbe Mwalimu ndiye yule dada mwembamba aliyeketi karibu na dirisha. Samahani tena, Mwalimu.

Simu ikalia kabla wimbo haujaisha. Mwalimu hakutukana. Aliuliza kwa sauti ile ya kusahihisha madaftari, "Mzee, santuri yetu umeifanya nini?" Nami, mtu wa mikanda, nikamjibu iko sawasawa. Mkurugenzi akaingia, akasimama nyuma yangu, akaitazama saa ya ukutani. Nikajua anawaza mapishi.

Saa ile ile, hospitalini, Daktari alikuwa akitoa pamba sikioni mwa Binti Radi. Dada yangu amekaa kando ya kitanda, mkoba mapajani, na amenisimulia mara nyingi hadi naona kama nilikuwepo. Redio ya wodi ilikuwa dirishani. Daktari akaliziba sikio la kulia, lile lisilougua, kwa kidole gumba, wakasubiri. Dada yangu akaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Alipofika kumi na tisa, mpwa wangu akakunja uso.

"Mjomba ameweka mwendo siyo wenyewe," akasema. "Hiyo santuri inakwenda taratibu mno."

Dada yangu alilia mpaka muuguzi wa wodi akamletea kiti, na alikuwa amekaa.

Daktari, nakuuliza mbele za watu: una mtambo gani ungempima vizuri kuliko kosa langu? Hivyo ndivyo nilivyojigamba wiki nzima pale mashineni. Lakini jioni ya siku ile niliichukua santuri nyumbani, nikaweka swichi panapostahili, nikasikiliza mara tatu. Ya tatu niliosha vyombo, na mke wangu akawaita majirani waje waone. Jumamosi iliyofuata niliomba radhi hewani, kisha nikasema nilichosikia: wimbo wa kwanza unakimbia kama mashine iliyoshiba nafaka, wa pili ni mrefu bila sababu, na Mwalimu anapopanda mwishoni mwa wa nne, sahani ilinitoka mkononi. Ilivunjika. Mwalimu akapiga simu tena, akasema kuhusu ule wa pili walikuwa wanabishana, na sasa nimewaamulia.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wiki sita zimeisha jana, na mwenye kiti huyu hapa. Mapishi yatafutiwe saa nyingine. Hamjui pumzi ninayoshusha.

Binti Radi, neno la mwisho. Siku niliyopokea kiti hiki, nilikuta kitufe cha sauti cha upande wa kushoto kimefunguliwa hadi mwisho. Ulikuwa ukikipandisha kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, bila kumwambia mtu. Sikukigusa muda wote huu, niliogopa. Leo asubuhi nimekirudisha katikati, nikakuvika hedifoni, nikakuuliza kama inatosha.

Ukaniambia, "Punguza kidogo, Mjomba."

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, kila mmoja yote mawili. Asanteni sana.