Zana za Maua za Fundi Tambwe

Wasikilizaji wapendwa wa Kindu, wa ng'ambo zote mbili za mto, nanyi mlioko Kibombo na Kampene, sogeeni. Mwenye chai anywe chai yake. Mwenye mtoto mgongoni ambembeleze kidogo. Jioni hii tunamkumbuka mtu aliyeishi kwa mikono yake, na mikono hiyo tumeizika Ijumaa iliyopita.

Tunamkumbuka Fundi Tambwe wa Kalume. Fundi wa maboti. Fundi Tambwe wa Kalume, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Maua. Jina hilo alipewa na watu waliokuwa wakimcheka. Amekufa akilipenda.

Alizaliwa miaka ile reli ilipofika Kindu. Babu yake alikuwa fundi tangu enzi za waungwana wa Kasongo, na aliacha zana ambazo hamzioni katika duka lolote la bandarini: tezo ya kuchongea, randa ya kulainishia, keke ya kutobolea na patasi. Chuma chake kilifuliwa na wahunzi wa huko huko. Mipini yake ilikuwa ya mti mgumu wa porini, nayo ilikuwa imekuwa myeusi, laini kama ngozi, kwa jasho la babu, halafu kwa jasho la baba. Tambwe alizirithi akiwa kijana. Hakuwa na urithi mwingine, na hakuutaka.

Alipomuoa Hadidja, nyumba haikuwa na kitu. Akachukua kontrati ya kufanya kazi migodini, akaenda Kampene. Asubuhi ya safari alimkabidhi mkewe zana zile zikiwa zimefungwa katika kitambaa.

"Hadidja, huyu njo babu yangu. Umuchunge."

Hadidja alikuwa bado bibi arusi, mikono yake na hina. Akajibu, "Nitamuchunga. Wewe uchunge kichwa yako kule chini ya udongo."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mnajua desturi yetu. Jirani akiomba jembe, unampa jembe. Akiomba tezo, unampa tezo. Kumnyima jirani chombo ni aibu, watu watalisema jina lako mpaka kisimani. Haukupita muda, Jacques, jirani wa nyumba ya pili, akafika na tabasamu lake.

"Mama Hadidja, nisaidie na tezo tu. Kesho iko hapa."

Akampa. Tezo ilirudi siku nyingine kabisa, mdomo wake umevunjika pembeni. Jacques alikuwa amechongea nayo juu ya jiwe. Na keshoye akaja mwingine, anataka randa.

Hadidja alilia. Kisha akafuta machozi, akafikiri. Yeye alikuwa na mkono wa rangi. Kila Idi, wanawake wa mtaa walimwita awachoree kuta za nyumba, maua na samaki na nyota. Akaenda bandarini, akaomba mabaki ya rangi za meli, nyekundu, nyeupe na ya majani. Akakaa uani, akazipaka zana zote. Maua juu ya mipini. Samaki juu ya ubao wa randa. Hata chuma akakipaka, isipokuwa midomo. Halafu akazitundika ukutani, sebuleni, mahali pa kutundika picha.

Jacques akarudi. Akaangalia ukuta. Akakuna kichwa.

"Mama, na ile tezo?"

"Iko mapambo sasa, ndugu yangu. Utachonga boti na mapambo? Watu watasema nini?"

Jacques akaondoka. Hakuna aliyeomba tena. Turudie hapo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu ndipo mambo yote yalipoanzia: mke alipaka zana maua ili zisiazimwe, na hazikuazimwa.

Tambwe alirudi juu ya kamio, lori la mizigo, mwembamba, anakohoa, lakini na furaha. Furaha ile iliishia mlangoni. Alisimama mbele ya ukuta ule, kofia mkononi, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Hadidja! Umevalisha babu yangu nguo ya bibi arusi?"

"Nimemuvalisha ili akae nyumbani," Hadidja akasema. "Yule aliyeenda kwa Jacques alitembea uchi, angalia mudomo yake."

Tambwe hakucheka. Kazi ilikuwa ikimsubiri: mfanyabiashara wa mpunga wa ng'ambo alitaka boti ya mbao ya kuvusha magunia. Ilikuwa boti yake ya kwanza kuagizwa kwa jina lake mwenyewe. Na katika banda la mafundi, karibu na maji, mkubwa alikuwa mzee Onema, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko patasi. Kijana aingie pale na maua? Boti ingekwenda kwa fundi mwingine, na jina la ukoo wa Kalume lingezama kabla ya ubao wa kwanza.

Akavunja chupa, akachagua kigae kizuri, akaanza kukwangua randa. Rangi ikatoka kwa vipande vidogo. Alikwangua kwa hasira, kisha kwa hamu. Alitaka kuuona tena ule weusi aliougusa tangu utoto. Lakini alipoimaliza randa, ilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, kama ubao uliokatwa jana. Kigae hakikujua wapi rangi inaishia na wapi babu anaanzia. Kilichukua vyote pamoja.

Miaka mingi baadaye, Fundi Tambwe alimsimulia mwanawe Assani kwamba hapo aliona amemkwangua babu mwenyewe. Alikaa na randa magotini. Hadidja akatoka jikoni, akaangalia randa, akamwangalia mumewe.

"Umemupata babu?"

Hakuwa anamdhihaki. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo. Tambwe akatupa kigae nyuma ya uzio. Zile tatu zilizobaki hakuzikwangua. Akanoa midomo ya zana zote, akaurekebisha ule wa tezo, akazifunga katika kitambaa, akaenda bandani.

Mlifikiri mafundi walinyamaza? Walicheka mpaka wavuvi wakasogeza mitumbwi waone kuna nini.

"Tambwe!" mzee Onema akaita. "Unajenga boti ao unaoa?"

"Vyote viwili, mzee. Kuoa nilimaliza. Sasa boti."

"Na ukimaliza boti, utaipaka wanja?"

"Kama itakuwa muzuri kama bibi yangu, sitaipaka kitu."

Wakamwita Fundi Maua tangu siku ile. Naye akachonga. Alichonga jua likiwaka, alichonga mvua ikinyesha juu ya bati. Boti ilipoteremshwa mtoni na magunia yake, mzee Onema mwenyewe aliingia ndani, akapapasa maungio kwa vidole, akitafuta maji. Hakupata. Akatoka, akasema, "Maua haya yako na mizizi." Na kutoka kwa Onema, hiyo ilikuwa sherehe.

Boti zikafuata boti. Watu wakaja kutoka Tunda kumtafuta "yule wa maua". Na zana zikabadilika, polepole. Pale kiganja kiliposhika, rangi ilikwisha, na mti ukarudi kuwa mweusi wenyewe, kwa jasho la mtu wa tatu. Pembeni maua yakabaki. Leo zana za kale za mafundi wengine zimekwisha, zimeazimwa, zimepotea. Zile za Tambwe zipo. Tunasema kwa fahari, watu wa Kindu: zipo.

Fundi alipokufa, wasikilizaji wapendwa, ubishi ule wa rangi ulizaliwa upya, pale pale katika matanga. Assani, ambaye naye ni fundi, alitaka kuondoa rangi yote, watu waone zana za ukoo zilivyokuwa. Dada yake Sharifa alitaka kuzipaka upya pale rangi ilipokwisha, zing'ae, baba aheshimiwe. Walipandishiana sauti mbele ya wageni. Mama Hadidja alikuwa ameketi mkekani. Akaomba tezo iletwe. Akaweka kidole pale palipo peusi.

"Sharifa, ukipaka hapa, utafunika mukono wa baba yako. Na wewe Assani, ukikwangua huku, utafuta wangu. Tuliifanya wawili. Mutuache wawili."

Akampa Assani tezo. "Kamata."

Assani akaishika. Kiganja chake ni kipana kuliko cha baba yake. Kilipita ule weusi, kikafunika ua zima.

"Mama, nitaliharibu hili ua."

"Litakwisha na kazi," Mama Hadidja akasema. "Hiyo njo kufa kwake kuzuri."

Mama Hadidja, Assani, Sharifa, pokeeni pole zetu na pole za wote wanaosikiliza. Mungu ampumzishe fundi wetu mahali pema. Nasi tuliobaki, tutazame jioni hii vilivyotundikwa katika kuta zetu, na kabla ya kuvisafisha au kuvipamba, tuulize ni mikono ya nani iliyomo.

Kesho asubuhi Assani anaanza boti mpya, pale pale bandani, na tezo ya maua. Ukipita, cheka kama unataka. Halafu ngojea boti iguse maji.