Kawaida ya Wazazi

Basi liliporuka tuta, mwimbaji wa kwaya alibana mapaja, na hasira zikampanda upya.

"Miaka yote naambiwa mkojo kuvuja ni kawaida ya aliyezaa!" alimwambia mama mtu mzima aliyeketi naye. "Niliacha kuimba sauti ya kwanza kwa kuogopa kuvuja kwenye noti za juu, wenzangu wakasema naringa. Leo mtaalamu wa mazoezi ya tiba kanipima. Kumbe misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu imelegea tu, na inatibika! Tena mazoezi niliyofundishwa mtaani nilikuwa nayakosea, nabana makalio na kuziba pumzi, kumbe naisukumia chini!"

"Punguza sauti, mwanangu. Mambo ya ndani hayaanikwi. Sisi tulizaa, tukanyamaza."

"Mlinyamaza, ndiyo maana na sisi tunalowa!"

Kondakta, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akapunguza redio ili asipitwe.

Kituo cha mwisho abiria wote waliinuka isipokuwa yule mama. "Tangulia," alimwambia mwimbaji. Mwimbaji alipofika mlangoni akageuka nyuma, akamkuta anakunja harakaharaka mfuko wa nailoni aliokuwa ameutandika kitini.

Macho yao yakakutana.

"Ni kawaida," mama alisema kwa ukali, akauficha mfuko kwapani.