Osea Halinga, Anayezikwa Ihanda Mara ya Pili

Luteni Kanali mstaafu Osea Barnaba Halinga, mbunge wetu wa zamani, alizaliwa Ihanda, Mbozi, tarehe 3 Novemba 1957, akiwa kifungua mimba wa mzee Barnaba na mama Elizabeti. Mimi Yesaya, ninayesoma haya, ndiye niliyemfuata.

Alisoma shule ya msingi hapa Ihanda na sekondari Mbeya. Mwaka 1978 alijiunga na jeshi, akapelekwa kwa wanamaji, yeye ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona yalikuwa ya kuoshea kahawa! Alisoma kwa bidii hadi akawa afisa. Mwaka 1983 alifunga ndoa na Ketrina katika kanisa la Moravian, Isansa, wakajaliwa Leah, na baadaye Dennis.

Machi 1987 boti aliyokuwamo ilipinduliwa na dhoruba baharini. Jeshi lilituarifu kwamba anatafutwa. Ukoo wetu haukuwa na subira. Kwetu, mtu asiyepatikana mwili huzikwa kwa mgomba, ili asibaki akizurura. Tukakata mgomba, mama akauosha kwa mikono yake na kuuvalisha koti la harusi la Osea, tukauzika kwa sala na nyimbo.

Februari 1988 Osea alishuka kwenye basi akiwa mzima. Alisema meli ya mizigo ilimwokota, akalazwa ng'ambo muda mrefu bila kujitambua. Jeshi lilithibitisha kuwa ndiye, na Ketrina alimkumbatia akilia. Mama alimtazama tu, akasema, "Karibu, mgeni."

Tulicheka, tukidhani ni utani. Tukamwonyesha kovu la gotini, la utotoni. Mama akalipapasa taratibu.

"Kovu ni la mwanangu," alisema. "Huyu aliyelivaa simjui."

Tangu hapo mama alipeleka maua kwenye kaburi la mgomba kila Jumapili. Osea alikuwa akisimama mbali kumtazama. Aliwahi kuniambia, "Mdogo wangu, nikikaribia pale nasikia baridi miguuni, kama nimesimama majini."

Alistaafu jeshi mwaka 2004, akagombea ubunge mwaka uliofuata. Pale Tunduma wapinzani walipiga kelele, "Mnapeleka mgomba bungeni!" Naye akawajibu kwenye kipaza sauti, "Nipeni kura, mtakula ndizi!" Hata madereva wa malori walicheka. Alishinda, akatutumikia miaka kumi, akiwasemea wakulima wa kahawa bila kuchoka.

Nchi nzima ilimjua kwa jina, lakini mama alimwita "Mheshimiwa" na kumpa kiti cha wageni. Kila Krismasi alikuja akitumaini kuitwa Osea. Ilimuuma sana. Nimemwona akilia kwa ajili hiyo, mtu mzima na nyota zake mabegani.

Aliugua figo tangu 2023, akafariki hospitalini Mbeya tarehe 9 Juni 2025. Aliomba azikwe katika kaburi lile la zamani. Mama alikataa, akasema, "Mle kuna mtu." Tumechimba jingine kando yake.

Ameacha mjane, Ketrina, watoto wawili, Leah na Dennis, wajukuu watano, na mimi mdogo wake. Mama yetu Elizabeti yu hai, ameketi hapa mbele yenu. Ameomba asisomwe miongoni mwa wafiwa, kwa kuwa yeye alishafiwa.

Mungu awapumzishe wote wawili.